Kutoka Bagamoyo hadi Pangani kwa gari dogo: tunavyopanga ziara ya ndugu wakati wa kaskazi

Mimi kwetu Bagamoyo, mume wangu kwao Tanga mjini, na mama mkwe kwao Pangani. Likizo yetu ya kiangazi, kati ya Januari na mwanzo wa Machi, kaskazi inapovuma na masika hayajaingia, huishia barabarani na kwenye majamvi ya ndugu. Naeleza hapa namna tunavyoipanga, maana wanandoa wengi wa rika letu wameacha kwenda kwa kuhofia gharama na uchovu, na wazee wanaondoka mmoja mmoja bila wajukuu kuwajua.

Nyumba kwanza, barabara baadaye. Kabla ya kuhesabu mafuta tunaandika majina ya nyumba zote tunazotakiwa kufika, kisha tunazipanga kwa ukubwa wa wenyewe. Kwa upande wa mume wangu wa kwanza ni baba mkubwa, anayekaa Ngamiani, Tanga mjini. Hata kama nyumba ya shangazi iko njiani na tunaipita, kwa baba mkubwa ndiko tunakoshusha mizigo na kulala usiku wa kwanza. Shangazi tunampigia simu mapema na kumwambia siku yake, naye anaridhika. Akisikia kwa majirani kwamba mlipita na gari mlangoni pake, hilo halitaisha upesi.

Simu tunapiga mara mbili: wiki moja kabla, na jana yake jioni. Tunataja saa, na tunataja chakula. "Shikamoo baba mkubwa. Jumamosi baada ya alasiri tutakuwa tumeingia, inshallah. Mchana tutakula njiani, usiku tunakula kwako." Maneno hayo yanamwokoa mama mkubwa na kupika mara mbili. Mkisema tu "tunakuja wikiendi", mtaua kuku wa watu na chakula kitapoa. Wali wa nazi na samaki wa kupaka si kazi ya dakika ishirini: nazi ikunwe, tui lichujwe la kwanza na la pili, samaki achomwe ndipo apakwe. Mpishi anahitaji saa mbili, na anahitaji kujua idadi ya watu.

Nyumba mbili kwa siku ndiyo kiasi: moja ya kula, moja ya chai. Mkiweka ya tatu, mtafika mmeshiba na mtagusa chakula kwa ncha za vidole, na mwenyeji ataona. Ile ya chai tunaiweka saa nne asubuhi au saa kumi na moja jioni, vitumbua au mkate wa kumimina vinatosha, na hakuna anayelazimika kuwasha jiko kubwa kwa ajili yetu.

Zawadi ya nyumba moja, kwa kipimo chetu, ni sukari kilo 2, mchele kilo 5, majani ya chai na mche wa sabuni. Kwa mama mkwe naongeza doti ya khanga, kwa baba mkubwa kikoi au msuli. Mananasi tunayachukua Kiwangwa, kwenye barabara ya Bagamoyo hadi Msata, ambako ndiko kwenye mashamba yake. Chagua lililoanza unjano chini tu, karibu na kikonyo. Lililoiva lote halimalizi siku mbili ndani ya gari la moto, litatoa maji na kulowesha mchele. Fedha ya dawa ya mzee anapewa mkononi wakati wa kuaga, si mbele ya watoto wala wageni wengine.

Jambo ambalo wengi hawalihesabu ni mzigo wa kurudi. Hakuna nyumba ya Tanga itakayokuacha uondoke mikono mitupu. Nazi thelathini zilizofuliwa zinakaribia kilo 20, ukiongeza mihogo, ndimu na kapu la maembe umefika kilo 50 bila kutambua. Kwa hiyo buti tunaliondoa nyumbani likiwa na nafasi ya theluthi moja, na vilivyo vizito vinakaa mbele ya buti, vikigusa mgongo wa siti ya nyuma. Mzigo ukirundikwa karibu na mlango wa buti, gari linakaa nyuma, taa za mbele zinaangalia juu na kumpofusha anayekuja, na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Kuku hai hakai kwenye buti lililofungwa. Anakaa kwenye tenga, chini mbele ya siti ya nyuma, dirisha wazi.

Gari letu ni dogo, injini ya 1.5, na linatosha kabisa kwa njia hii. Wiki moja kabla linaingia gereji kwa mambo machache, na yote yanahusu joto. La kwanza ni tairi. Tazama ubavuni mstari unaoanza na herufi DOT: namba nne za mwisho ndizo wiki na mwaka wa kutengenezwa, yaani 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zikivuka miaka sita tunazibadilisha hata kama kashata zake bado ni nene, kwa sababu mpira uliozeeka unapasuka kwenye mwendo mrefu wa mchana, na tairi za mtumba nyingi zinauzwa zikiwa na umri huo tayari. Upepo unajazwa asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Ukipima saa nane mchana baada ya kilomita mia, geji itakudanganya kwa paundi kadhaa, na ukipunguza utakuwa unatembea na tairi laini, ambayo inapata joto zaidi. Spea nayo ipimwe.

La pili ni rejeta. Kulanti, dawa ya kupoza injini, ichanganywe nusu kwa nusu na maji safi, au inunuliwe iliyokwisha kuchanganywa. Maji matupu ya bomba yanaleta kutu, kutu inaziba mirija, na gari linaanza kuchemka kwenye kilima cha kwanza lenye watu wanne na mchele. Fundi aguse hosi zote kwa mkono: iliyovimba au iliyolainika kama ndizi mbivu itoke. Feni ya umeme tuiache gari likiunguruma limesimama mpaka iwake yenyewe, isipowaka tusiondoke. Mshale wa joto ukipanda njiani, zima eyakondishen, weka gari pembeni, na usiguse mfuniko wa rejeta kwa nusu saa nzima.

Vifaa vya lazima ni kizima moto kisichopitwa na tarehe, pembetatu mbili za kuakisi mwanga, jeki na spana inayoingia kwenye nati zako. Ijaribuni nyumbani, kila mmoja wenu afungue gurudumu moja. Mke pia anapata pancha.

Hesabu ya mafuta ni hii. Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64, kutoka Msata hadi Segera takriban 130, na Segera hadi Tanga takriban 75. Jumla inakaribia 270. Kutoka Tanga hadi Pangani ni kama 50. Kwenda na kurudi ni 640, weka 80 za kuzunguka mitaani, unapata 720. Kwa gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita, mzigo ukiwemo, ni lita 60. Tunaondoka na tangi limejaa, tunajaza tena Tanga mjini kabla ya kushuka Pangani, kisha kidogo wakati wa kurudi.

Tunatoka Bagamoyo baada ya swala ya alfajiri, saa kumi na mbili kamili tuko barabarani. Hadi Msata njia ni nyepesi, na magari makubwa ni machache. Ukiingia barabara kuu ya kutoka Chalinze, sasa ni mabasi na malori ya kaskazini, na hapo mwendo wako unategemea subira. Kwenye mto Wami kuna daraja jipya lililochukua nafasi ya lile jembamba la zamani, ila miteremko ya pande zote mbili inabaki kuwa miteremko: shuka kwa gia ndogo, usiikalie breki. Mbele kuna Mkata na Kabuku, na vijiji vyenye kibao cha 50. Kibao hicho kinatawala mpaka ukione cha kukifuta, na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo mara nyingi anasimama karibu na mwisho wa kijiji, pale dereva anapoanza kukanyaga mafuta. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, bei ya mchele wa nyumba mbili. Mmoja anaendesha, mwingine anasoma vibao kwa sauti. Njia hii imetufaa kuliko programu yoyote ya simu.

Dereva habadilishwi barabarani pembeni. Tunabadilishana Segera, ambapo pia tunakula na kunyoosha miguu, kisha tunakata kulia kwenda Hale, Muheza na Tanga, mashamba ya mkonge yakiwa kando ya njia. Kwa vyovyote tuwe tumefika kabla ya magharibi. Usiku kwenye njia hii kuna baiskeli zisizo na taa, ng'ombe, na malori mabovu yaliyowekewa matawi ya miti tu nyuma yake.

Tanga mjini gari linapumzika. Barabara za Ngamiani zimepangwa kwa namba, ukiambiwa barabara ya nane hupotei, na baiskeli ni nyingi, kwa hiyo fungua mlango wa gari baada ya kutazama nyuma. Tukipata asubuhi tupu kati ya nyumba mbili tunawapeleka watoto wa wifi Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji. Ni mapango ya mawe ya chokaa, ndani kuna giza na popo, viatu viwe vya kufunga na kila mtu awe na tochi yake.

Pangani tunaipanga kwa kufuata mwezi. Bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, linakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwenye pwani hii siku hizo maji yanajaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kukupwa karibu saa nne. Kila siku inayofuata, sogeza mbele kama dakika 50. Ukitaka kwenda Kisiwa cha Maziwe, ambacho sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, lazima chombo kiondoke kwa kufuata kupwa, na asubuhi ya bamvua ndiyo bora. Mwambie nahodha akuonyeshe jaketi za kuokolea kabla ya kulipa. Rudini kabla kaskazi ya mchana haijachafua bahari.

Ndugu wengine wa mama mkwe wako Bweni, ng'ambo ya mto. Pantoni ndiyo inayovusha gari, abiria wote wanashuka na dereva peke yake ndiye anayeliingiza. Maji yakiwa yamekupwa sana mteremko wa kushukia unakuwa mkali na gari la chini linakwaruza bampa, basi kama ni ziara ya mchana tu tunaliacha gari Pangani mjini na kuvuka kwa miguu. Njia ya kusini kupita Mkwaja na Saadani kurudi Bagamoyo inavutia kwenye ramani, ila kwa gari letu dogo tunarudi kwa Segera. Sehemu zisizo na lami hazisameheani na gari la chini baada ya mvua, na ndani ya Hifadhi ya Saadani kuna utaratibu na malipo yake.

Samaki wa kurudi nao tunawanunua asubuhi ya kuondoka, sokoni Deep Sea pale Tanga. Shavu liwe jekundu, jicho limetuna, nyama ikibonyezwa irudi. Ukiona tumbo limelegea, damu imevilia ndani na uti wa mgongo umekatika, huyo anaweza kuwa amevuliwa kwa baruti, mwache hata akiwa wa bei nafuu. Kwa safari ya kutwa tunapendelea changu. Jodari na vibua ni watamu, lakini wakikaa kwenye joto wanatengeneza histamini, na hiyo haiondoki kwa kupikwa: uso unawaka, moyo unakwenda mbio, watu wanasema ni mzio.

Watolewe matumbo na mashavu palepale, waoshwe kwa maji ya baridi. Barafu ni kilo moja na nusu kwa kilo moja ya samaki, ivunjwe iwe ndogo, kwa sababu mabonge yanagusa samaki sehemu moja tu na kuacha nafasi za joto. Chini barafu, juu samaki, tena barafu, tumbo la samaki likiangalia chini ili lisikusanye maji. Kitundu cha chini cha boksi kiwe na mpira wa kutolea maji kwenye chupa, la sivyo buti litanuka hadi mwaka mwingine. Boksi lifunikwe kwa blanketi na lisifunguliwe mpaka nyumbani.

Siku ya pili baada ya kufika, gari linaoshwa kwa chini kwa maji matamu yenye nguvu: ndani ya matao ya magurudumu, mabomba ya breki, egzosti. Chumvi ya Pangani inakaa kwenye matope makavu na kula chuma polepole hata gari likiwa limeegeshwa. Kisha mazulia yanatolewa juani, vichwa vya betri vinasuguliwa na kupakwa grisi, na nati za magurudumu zinakazwa tena.