Punje ya haradali

Miezi mitatu baada ya kumzika mdogo wangu, muuguzi mwenzangu wa zamu ya usiku alinikuta nikilia kwenye chumba cha dawa. Yeye ni Mbuddha, mimi Mkristo, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hatukuwahi kugusa mambo ya dini. Hakuniambia ninyamaze. Alivuta kiti, akanisimulia habari za Kisa Gotami.

Mama huyo alifiwa na mwanawe wa pekee, akambeba maiti nyumba hadi nyumba akiomba dawa. Buddha akamwagiza alete punje za haradali kutoka nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Haradali alipewa kila alipobisha hodi. Nyumba isiyofiwa hakuipata. Mwisho akamwacha mtoto mahali pa wafu, akarudi kwa Buddha, akawa mtawa.

Kusema kweli nilichukia. Nimelelewa na Mathayo 17, ambapo imani kiasi cha punje ya haradali inahamisha mlima, na hapa punje ileile inamfundisha mama kwamba mlima hauhami. Lakini habari ile haikuniacha, nikaanza kusoma.

Siddhartha Gautama, ndiye huyo Buddha, mzaliwa wa Lumbini katika Nepali ya leo, alifundisha kama tabibu, na hilo muuguzi yeyote ataliona upesi. Kweli Nne Tukufu zinataja ugonjwa, chanzo chake, kwamba unapona, kisha tiba yenyewe, yaani njia ya sehemu nane. Ugonjwa ni dukkha. Wengi hulitafsiri neno hilo kuwa mateso, ila ni pana zaidi: hata furaha imo, kwa sababu itapita. Mwandishi wa kitabu cha Mhubiri angeitikia. Chanzo ni tanha, na maana yake ni kiu. Nirvana nayo si mbingu kama nilivyodhani zamani. Ni kuzimika kwa moto wa tamaa, chuki na ujinga.

Kuhusu karma, yaani fundisho kwamba matendo ya mtu humrudia, nilikuwa na maneno mengi makali, nikayapunguza nilipojua kwamba Buddha mwenyewe alikataa wazo kuwa kila maumivu yanatokana na matendo ya zamani. Hata hivyo, ninaposoma Yohana 9, wanafunzi wakiuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu huyu azaliwe kipofu, nashukuru kwamba Yesu hakupekua mahesabu ya mtu yeyote. Alimponya.

Penye kiu ndipo nilipokaa muda mrefu. Zipo kiu ambazo Buddha ananisema mimi kabisa: kutaka kusifiwa, kutaka kushinda kila ubishi, kutaka vitu visichakae. Yakobo naye anasema vita vyetu vinatoka katika tamaa zetu. Lakini Zaburi ya 42 inasema, "Nafsi yangu inamwonea kiu Mungu." Kiu hiyo haiombi kuzimwa. Tena Ubuddha unafundisha anatta, kwamba ndani yetu hamna nafsi ya kudumu, na hapo siwezi kufuata. Mdogo wangu aliitwa kwa jina, na naamini Mungu bado anamjua kwa jina hilo. Kumtamani si ugonjwa wangu. Yesu alilia penye kaburi la Lazaro akijua kabisa atamfufua, na msalabani akasema, "Naona kiu."

Wiki chache baadaye nilimsimulia mwenzangu habari za mjane wa Naini, katika Luka 7. Mama mwingine, mwana wa pekee mwingine, maiti inatolewa nje ya mji. Bwana akamwonea huruma, akaligusa jeneza, kijana akaketi akaanza kusema.

Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa upole, "Dada, na yule kijana hakufa tena baadaye?"

"Alikufa," nikamjibu. Nikamweleza kwamba ndiyo sababu tumaini letu halisimami Naini. Linasimama kwenye kaburi la Yesu mwenyewe, aliyefufuka asife tena, naye ni limbuko lao waliolala.

Akakaa kimya kidogo. "Kwa hiyo mdogo wako unamngoja."

Nikamwambia ndiyo, namngoja.