Ethanoli: kiwanda cha eneo moja kishindane wapi

Mzalishaji wa ethanoli (pombe inayochomwa kama mafuta) anayehudumia eneo moja asijaribu kuwashinda wakubwa kwa bei ya lita. Wao wana boila kubwa, mikopo nafuu na maboza yao wenyewe. Uwanja wake ni zile kilomita zinazokizunguka kiwanda, na hapo anaweza kuwabana kweli.

Chukua mahindi. Tani moja hutoa takribani lita 400, yaani kila lita imekula kilo 2.5 za nafaka, ilhali lita yenyewe haifiki kilo 0.8. Mshindani anayesomba mahindi kutoka eneo lako anabeba uzito mara tatu ya ule unaobeba wewe ukipeleka ethanoli kwenye soko lake. Kwa muhogo mbichi ni kilo sita hivi kwa lita. Hapo nauli ndiyo inayoamua. Chora kwenye ramani mstari ambapo mkulima, akishatoa nauli, anabaki na pesa ileile, akuuzie wewe au mwingine. Ndani ya mstari huo lipa haraka na usimrudishe mtu na mzigo wake. Nje yake, kila tani inakula faida ya zile za ndani.

Tani hiyohiyo ya mahindi huacha takribani kilo 300 za machicha makavu, na kuyakausha kunaweza kumeza theluthi ya joto lote la kiwanda. Wafugaji wakiwa karibu, yauze mabichi. Yanaota ukungu baada ya siku chache, kwa hiyo mkubwa wa mbali hawezi kukufuata kwenye soko hilo. Ila weka mkataba wa kuchukua kila siku: malori yasipokuja, machicha yanajaa na uzalishaji unasimama.

Wengi hukimbilia mtambo mpya wakati hasara iko kwenye tangi la kuchachusha. Bakteria wa asidi ya laktiki wanagombea sukari dhidi ya hamira, na kila gramu ya asidi hiyo ni gramu ya sukari iliyopotea. Tangi la lita 500,000 likiongeza gramu 2 kwa lita, tani nzima ya sukari imekwenda, sawa na karibu lita 650 za ethanoli. Wanajificha kwenye mabomba yasiyo na mkondo, ndani ya vipoza-joto na chini ya mipira ya valvu. Osha kwa kostiki soda ya moto, wakati wa kuchachusha shikilia nyuzi 32 hadi 34, na pima asidi tangu saa za mwanzo, kabla hamira haijazidiwa.

Ethanoli ya kuchanganya na petroli lazima ikaushwe hadi zaidi ya asilimia 99, maana maji yakizidi hujitenga na kutuama chini ya tangi. Majiko na injini zilizotengenezwa kwa ajili yake hupokea ya asilimia 95 bila shida, na hapo gharama ya kukausha inakuondokea. Bei ya injini ipange ukijua kwamba lita ya ethanoli ina theluthi mbili tu ya nishati ya petroli. Brazili madereva hulijua hilo, na ethanoli ikipita asilimia 70 ya bei ya petroli wengi huhamia pampu nyingine.