Mutoto ashike kwanza, njo achore

Watu wengi wakifundisha mutoto kuchora jiwe wanamuambia piga duara, bas, na hapa Goma jiwe yetu ya volkano haiko vile, iko na vitundu vitundu kila pahali juu gazi ilitoka ndani wakati lava ilikuwa inapoa. Binti yangu wa miaka tano nilimuambia afunge macho apitishe mukono ku ukuta ya parseli, aseme anasikia nini. "Inakwaruza mama, iko na midomo." Eeh, midomo! Tukaweka karatasi nyepesi juu ya jiwe, kreyo (penseli) tukailalisha, si ncha, akapakaa polepole, vitundu vikabakia nyeupe. (Max Ernst, muchoraji wa Ujerumani, alianza kufanya hivyo mu 1925 na mbao za sakafu, kwa hiyo si muchezo ya watoto tu.)

Kisha njo kazi yenyewe, unatosha jiwe chini ya karatasi, achore kwa macho: jiwe ni nukta na vizunguko vidogo, kitunga ni mistari mifupi inapitana. Kreyo ya 2B inafaa kuliko HB (ni alama zinaandikwa ku kreyo) juu iko laini, mukono hauchoke. Gomu ficha kabisa, ile kufutafuta inaua hamu. Juzi ku karatasi kuku wake alitoka na manyoya sawa misumari, nikamuacha hivyo.