Nilivyomsainia mume wangu fomu ya kodi

Tarehe 1 Machi 2025 mume wangu, mwanajeshi wa Marekani, alipelekwa Djibouti, pale Camp Lemonnier, kambi ya jeshi lao. Kaniachia watoto wawili, gari linalovuja oili na bahasha ya kaki yenye W-2 zetu, zile karatasi za mwajiri zinazoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa.

Mwezi wa nne nikaibeba bahasha kwa jamaa mmoja anayejazia watu fomu za kodi mtaani. Akaniambia dada umechelewa, lipa nikuombee muda mpaka Oktoba la sivyo faini. Nikalipa, roho juu juu.

Kumbe nimepigwa! Jirani, naye mumewe mjeshi, ndo akanifumbua macho: Djibouti inahesabiwa pamoja na maeneo ya vita tangu 2002, maana waliopo pale wanasaidia operesheni za kijeshi za maeneo hayo, kwa hiyo mtu akiwa huko kodi inamsubiri. Akitoka anapewa siku 180, juu yake zinaongezwa zile zilizokuwa zimebaki siku alipoingia kufika 15 Aprili, ile siku ya mwisho ya kodi. Kwetu zilikuwa 46, jumla 226, na alivyotoka 30 Novemba fomu ya 2024 tungeweza kuipeleka hadi 14 Julai 2026, bila faini bila riba, na mke naye yumo humohumo. Hiyo ya Oktoba ni muda wa kupeleka fomu tu, kama unadaiwa riba inakula toka 15 Aprili. Hata wanajeshi walioko nje kusiko na vita, tuseme Ujerumani, wanaoongezewa mpaka 15 Juni, riba kwao iko palepale.

Ila sisi tulikuwa tunarudishiwa hela, sasa nikae nasubiri za nini na gari ndo lile? Shida saini, fomu ya pamoja inataka mbili. Jirani akasema kama mwenzio yuko eneo la vita unaruhusiwa kumsainia, unaambatanisha barua uliyosaini wewe ukieleza yuko wapi. Nikakaa mezani jikoni, nikaandika jina lake taratibu, lile S lake refu limenishinda, limetoka kama nyoka aliyekanyagwa.

Usiku nikampigia. Djibouti na Tanga kwa mama saa ni zilezile, siku hizo nikihesabu masaa ya mama nimeshahesabu na ya kwake. Hajauliza kodi wala nini, kauliza, "Ile S umeiweza?"