Ya siku ile yamebaki kijijini

Mtwara, Jumapili jioni

Siku 42. Huo ndio muda ambao Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa daktari kumchunguza mshtakiwa anayedhaniwa kuwa na ugonjwa wa akili, kisha kuipelekea mahakama taarifa yake kwa maandishi. Ndugu wakiisikia namba hiyo huanza kuhesabu pale pale hakimu anapotoa amri. Kumbe hesabu ya sheria inaanza mtu akishapokelewa, na kupokelewa kwenyewe ni Dodoma, Isanga, kituo cha wagonjwa wa akili wenye kesi, chini ya Hospitali ya Mirembe. Kutoka kwetu ni kama kilomita 1,000 ukipitia Dar es Salaam. Kabla ya safari kuna barua, kuna askari wa kusindikiza, kuna gari na mafuta, na huko mbele kuna suala la kitanda. Siku hizo za kusubiri hakuna anayezihesabu. Mgonjwa anazimalizia mahabusu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Si wakili, si daktari. Wanaonijia ni watu wasio na wakili na mara nyingi wasio na nauli ya kurudi. Wiki hii nimekaa sana na mama mmoja wa upande wa Tandahimba, ambaye mwanawe anashtakiwa kwa mauaji. Kosa hilo halina dhamana, kwa hiyo kijana anapanda karandinga kila kesi inapotajwa, anasikia upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Mama alifungua pindo la kanga akanitolea kadi ya mwanawe ya kliniki ya afya ya akili.

Nimeisoma kadi ile mara nyingi. Miezi ya mwanzo imejaa: sindano ya mwezi, tarehe ya kurudi, sindano tena. Halafu kuna pengo. Nikamuuliza, akasema ilikuwa kabla ya minada ya korosho, ndani hamna hela, na wakati huo kijana ametulia, analima, anacheka na wenzake. Nani angekopa nauli kumpeleka hospitali mtu aliye mzima? Baadaye akaanza tena kutolala. Akawa anafunika sufuria zote, anasema kuna watu wanamsikiliza humo. Wakampeleka kwa mganga kwa sababu mganga yuko jirani.

Aliyekufa ni shemeji wa huyu mama, mume wa mdogo wake. Msiba ni wa nyumba moja na mshtakiwa ni wa nyumba hiyo hiyo.

Kanuni ya Adhabu inamchukulia kila mtu kuwa ana akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na anayepaswa kuthibitisha ni mshtakiwa mwenyewe. Aonyeshe kwamba wakati anatenda, ugonjwa ulimfanya asielewe anachokifanya, au asitambue kwamba hakupaswa kukifanya, au ashindwe kujizuia. Asili ya kanuni hii ni kesi ya Daniel M'Naghten, London, mwaka 1843, na Waingereza ndio walioileta huku. Sasa mfikirie daktari. Anampata mtu miezi mingi baada ya tukio, pengine ameshapewa dawa na amelala vizuri, pengine mahabusu imemzidishia. Akiulizwa kama huyu anaweza kufuatilia kesi yake leo, anaweza kujibu kwa kumtazama na kuzungumza naye. Akiulizwa alikuwaje siku ile, jibu limebaki Tandahimba, kwa mama, kwa balozi wa nyumba kumi, kwa jirani aliyemfunga kamba. Na hao mara nyingi hakuna aliyewauliza. Polisi walichukua maelezo ya nani alimpiga nani, kwa kitu gani, saa ngapi. Kwamba mtuhumiwa alikuwa anaongea na ukuta wakati anakamatwa, nimetafuta kwenye karatasi walizonionyesha na sikuliona.

Hapa ndipo roho inaponiuma, na nitalisema mpaka nichoke: hali ya akili ya mtu iandikwe siku anayokamatwa. Mratibu wa afya ya akili wa wilaya aitwe siku hiyo, au kesho yake. Amwone, aandike alichokiona, ndugu nao waandike. Dawa ianze hapo hapo. Haina haja ya kungoja Dodoma.

Watafiti wamefanya kazi kubwa kuhusu magereza. Mwaka 2002 Seena Fazel na John Danesh waliunganisha tafiti 62 za nchi 12, zenye wafungwa karibu 23,000, wengi wao wa nchi tajiri, wakakuta kama mmoja kati ya 25 ana ugonjwa wa kupoteza uhusiano na uhalisia. Mwaka 2019 ukatoka uchambuzi wa nchi 13 za kipato cha chini na cha kati: hapo ni 6 katika 100, na wenye sonona kali 16 katika 100. Namba hizi naziheshimu. Lakini zinawahesabu watu lango likishafungwa. Ningependa mtu achukue madaftari ya kliniki za mikoa yetu ya kusini ayalinganishe na orodha za mahabusu, atuambie wangapi walikuwa wagonjwa wanaojulikana na sindano zao zilikatika lini. Na akiingia gerezani kuuliza, awe mwangalifu sana na ridhaa, maana mfungwa anaweza kukubali akidhani kukubali kutampunguzia siku.

Ilinibidi pia nimweleze mama jambo gumu. Mahakama ikikubali kwamba alitenda akiwa mgonjwa, harudi nyumbani. Anashikiliwa, na suala lake linapelekwa kwa Waziri. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, za mwaka 2015, zinasema mtu wa namna hiyo asiwekwe gerezani, ahamishiwe penye huduma ya afya ya akili haraka iwezekanavyo. Nilidhani atalia. Akasema, "Mwanangu, akae huko huko, mradi wanamchoma sindano. Akirudi bila dawa nitamwogopa, na mimi sitaki kumwogopa mtoto wangu."

Jana alinipigia simu. Mdogo wake, mjane wa marehemu, anataka naye aandikishe maelezo. Anasema asubuhi ile alimwona kijana amevaa makoti mawili juani, akamsalimia, hakuitika, na alimwambia mumewe asimkaribie. Nimewaomba waje Jumatano na balozi, kabla mvua haijaharibu barabara, na waje na kadi ya kliniki ili tutoe nakala.