Nilivyoficha rula kwa lenzi nne za boksi la kupimia macho

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Shule yao ilikuwa inaandaa siku ya sayansi, naye alikuwa ameshachoka na ile volkano ya siki na magadi inayorudiwa kila mwaka. Akaniuliza: "Mjomba, inawezekana kweli kukifanya kitu kisionekane? Siyo kukifunika. Kiwe mbele ya mtu na asikione." Mimi ni fundi miwani na mpima macho hapa Lindi mjini, na nadhani alikuja kwangu kwa sababu anajua nina lenzi kuliko kwa sababu ananiona msomi. Nikamwambia anipe muda nisome kwanza.

Nilichokipata ni kwamba inawezekana, na imeshafanyika kwa njia zaidi ya moja, lakini kila njia ina bei yake. Ili nieleweke nianze na hili. Kitu tunakiona kwa sababu mbili: kinarudisha mwanga machoni mwetu, na kinaziba mwanga wa vilivyo nyuma yake. Hiyo ya kwanza kuizuia si kazi, kipake rangi nyeusi tii basi. Lakini hapo utakuwa umetengeneza tundu jeusi mbele ya ukuta mweupe, na kila mtu ataliona. Ugumu uko kwenye ya pili, kuutoa mwanga wa nyuma na kuuleta mbele kana kwamba katikati hapakuwa na kitu.

Mwaka 2006 John Pendry wa Imperial College London, pamoja na David Schurig na David Smith wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, waliandika hesabu za namna ya kuufanya mwanga ukizunguke kitu na kuendelea na safari yake ng'ambo ya pili. Ulf Leonhardt naye alitoa hesabu za jambo hilohilo wakati huohuo. Kabla mwaka haujaisha watu wa Duke walikuwa wamekitengeneza kifaa chenyewe: pete zilizozungukana, zimechorwa vinakshi vidogo vya shaba, na katikati pana mkebe wa shaba wa kufichwa. Vitu vya namna hii, vinavyopata tabia yake kutokana na vinakshi kuliko malighafi, vinaitwa metamateria. Mawimbi yalipita, yakazunguka, yakajipanga tena upande wa pili. Kivuli hafifu kilibaki, lakini lilikuwa jambo kubwa.

Mpwa wangu aliposikia hivyo akataka tutengeneze pete. Ikabidi nimweleze sehemu ambayo habari za mitandaoni huwa zinairuka. Mawimbi yale yalikuwa ya maikrowevu, urefu wake sentimita tatu na nusu hivi. Mwanga tunaouona kwa macho una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700. Vinakshi lazima viwe vidogo kuliko wimbi lenyewe, kwa hiyo ili kifaa kile kifanye kazi kwa macho ya binadamu vingepaswa kupungua mara makumi ya maelfu. Hivyo si vya kuchongea Lindi, wala kokote pasipo na maabara ya fedha nyingi.

Halafu kuna jambo lililonikaa kichwani zaidi ya hilo la udogo. Mwanga unaozunguka una njia ndefu kuliko ule unaopita moja kwa moja. Ili mtazamaji asigundue, wote lazima ufike ukiwa umepangana sawasawa, kama hakuna aliyechelewa. Kwa rangi moja, metamateria inaweza kuupanga mwanga hivyo. Ukitaka rangi zote kwa pamoja, unaudai mwanga uizidi kasi ambayo hauruhusiwi kuivuka, ile ya kilomita 300,000 kwa sekunde. Na mwaka 2013 Francesco Monticone na Andrea Alù walionyesha kwa hesabu kwamba joho (ndivyo kinavyoitwa kifaa cha kuficha namna hii) la kawaida, lisilo na chanzo chake cha nishati, likikificha kitu kwenye rangi moja, ukijumlisha rangi zote kitu hicho huonekana zaidi kuliko kingekuwa hakijavikwa chochote. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu dukani. Unavaa joho la kutoonekana, unazidi kung'aa.

Kwa hiyo joho la kuvaa tuliliweka kando. Tukabaki na njia ambayo kwangu mimi fundi miwani ilikuwa zawadi. Mwaka 2014 John Howell na mwanafunzi wake Joseph Choi, wa Chuo Kikuu cha Rochester, waliachana na metamateria wakapanga lenzi nne kwenye mstari mmoja. Lenzi hazifichi kitu kutoka pande zote. Zinaukusanya mwanga wa nyuma, zinaupitisha katikati ukiwa mwembamba, kisha zinaupanua na kuurudisha ulivyokuwa, picha ikiwa wima na ya ukubwa uleule. Kitu kikikaa pembeni ya ule mwanga mwembamba, hakizibi chochote.

Zinatakiwa lenzi za aina mbili, kila aina mbili. Na boksi la kupimia macho ndivyo lilivyo: kila namba ina lenzi mbili, ya jicho la kulia na la kushoto. Nikachagua plasi 4 na plasi 10, plasi zikiwa ni lenzi zinazokusanya mwanga. Ukigawa 100 kwa namba ya lenzi unapata umbali wa fokasi, yaani kutoka kwenye lenzi hadi pale mwanga unapokutana, kwa sentimita, kwa hiyo ya kwanza ni sentimita 25 na ya pili ni sentimita 10. Mpangilio ni 4, 10, 10, 4. Lenzi ya kwanza na ya pili zinaachana kwa jumla ya fokasi zao, yaani sentimita 35. Ya tatu na ya nne vilevile. Ule umbali wa katikati ndio wenye hesabu: zidisha fokasi ndogo kwa mbili, zidisha tena kwa ile jumla, kisha gawanya kwa tofauti ya fokasi hizo. Mbili mara 10 mara 35 ni 700, gawanya kwa 15, unapata sentimita 46.7. Mpwa wangu aliikokotoa haraka kuliko mimi, nami nikamwacha ajisifu.

Fundi seremala jirani yangu alitupa ubao mnyoofu wa zaidi ya mita moja. Lenzi za kupimia zina fremu ya chuma na kishikio kidogo, hivyo tulizibana kwa vibanio vya nguo vya mbao tulivyovigundisha juu ya vipande vya ubao vya kimo kimoja. Kabla ya hapo tulizihakiki moja moja kwa kuitupa picha ya mnazi ulioko ng'ambo ya barabara juu ya karatasi nyeupe na kupima umbali kwa rula. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye fremu peke yake, hasa kama boksi ni la zamani.

Kazi iliyotula sana ni kuzinyoosha. Tulitumia leza ndogo ya kuonyeshea ubaoni. Unaipiga ukutani bila lenzi yoyote, unatia alama ya penseli pale nukta ilipoangukia, halafu unaweka lenzi ya kwanza. Nukta ikihama, lenzi haijakaa katikati. Isogeze mpaka nukta irudi. Kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Wakati wa leza hakuna kuchungulia kwenye lenzi hata kwa utani, na hilo nililisimamia kwa ukali wa kipolisi.

Nyuma ya lenzi ya mwisho tukabandika karatasi ya miraba. Sisi tukarudi nyuma hatua chache upande wa pili, simu ikiwa imekuzwa picha ili lenzi ya kwanza ijae kwenye kioo. Mpwa wangu akashusha rula kutoka juu, kati ya lenzi ya pili na ya tatu. Sehemu ya rula iliyokuwa nje ya lenzi ilionekana, ile iliyopaswa kuziba miraba haikuonekana, na miraba ikaendelea kama kawaida. Tulipiga kelele mpaka mteja mmoja akachungulia kuna nini.

Sasa niseme wazi kasoro zake, maana nimeona video zinazozificha kasoro kuliko zinavyoficha kitu. Katikati kabisa hapafichi: ukipitisha rula hadi kwenye mstari wa mwanga, picha yote inaziba. Eneo linaloficha lina umbo la pete, siyo duara lililojaa. Ukisogeza kichwa kidogo rula inatokea. Watu wa Rochester walifikia nyuzi 15 hivi, changu hakifiki huko hata robo. Na pembezoni mwa picha kuna rangi za upinde wa mvua, kwa sababu lenzi moja huupinda mwanga wa bluu zaidi ya mwekundu. Wao walitumia lenzi zilizounganishwa mbili mbili ili kulifuta tatizo hilo. Boksi langu halina za namna hiyo.

Mwalimu wao wa fizikia alitaka na kitu cha pili ambacho hakihitaji kuchungulia, kwa kuwa foleni ingekuwa ndefu. Hapo mkoa wetu ulitusaidia. Kioo kinaonekana ndani ya maji kwa sababu mwanga hubadili mwendo ukivuka mpaka wao. Kipimo cha namna kitu kinavyoupunguzia mwanga mwendo, kwa maji ni 1.33, cha bilauri ya kawaida 1.52 hivi. Lakini testi tyubu za maabara zile zinazostahimili moto ni 1.47, na mafuta ya ufuta nayo ni karibu 1.47. Na ufuta hapa Lindi si wa kutafutwa. Tukajaza jagi la kioo, tukaitumbukiza testi tyubu, na kadiri mafuta yalivyoingia ndani yake ikawa inatoweka kutoka chini kwenda juu. Kwa kuwa mafuta ya kukamuliwa hapa yana rangi ya dhahabu, watu walidai rangi ndiyo inayoficha. Tukaweka na bilauri ya kawaida kwenye mafuta yaleyale, ikaonekana. Mafuta ya nazi, yenye 1.45, yaliacha mstari mwembamba wa ukingo. Na asubuhi tyubu ilipotea machoni vizuri kuliko saa nane mchana, kwani mafuta yakipata joto kipimo chake hushuka wakati cha kioo karibu hakitikisiki.

Siku tulipokuwa tunajaribu dukani alikuwepo mzee mmoja kutoka Mingoyo, amekuja kupimwa. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitika, kisha akaomba achungulie. Alitazama muda mrefu. Akauliza, "Mjukuu wangu, mkiikuza hii, si mnawasaidia wezi?" Huku kwetu habari za dawa ya kumfanya mtu asionekane zinasimuliwa tangu zamani, kwa hiyo halikuwa swali la mzaha. Nikamwambia, "Babu, mwanga ukimkwepa mwizi wote, hata machoni mwake hauingii. Atakuwa ndani ya joho lake, gizani, anapapasa." Akaguna. "Basi pweza amewazidi akili. Yule anakuona, wewe humwoni."

Ana haki. Pweza hapindishi mwanga wowote. Kwenye ngozi ana vifuko vya rangi vinavyovutwa na misuli, kwa hiyo hubadilika chini ya sekunde moja, na hata ngozi huinuka vipele ifanane na mwamba. Cha ajabu, pweza wengi wana aina moja tu ya chembe za kupokea mwanga machoni, maana yake rangi zenyewe hawazitofautishi kama sisi. Mpwa wangu aliliandika hilo kwenye bango lake, na nasikia ndilo lililoulizwa maswali mengi kuliko lenzi zangu.

Anayetaka kujaribu na hana boksi la kupimia, plasi 4 huuzwa kama miwani ya kusomea. Plasi 10 ni ngumu kidogo. Ulizia kwa wazee waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho zamani, kabla ya kuanza kuwekewa lenzi ndani ya jicho. Wengi walipewa miwani minene ya namba hiyo au ya karibu yake. Pima fokasi yake kwanza kisha urudie hesabu, kwa sababu hata ikiwa 11 au 12 itafanya kazi, mradi umbali uubadilishe. Miwani ya minasi haifai. Na za boksi langu msije kuniomba, zinapima macho ya watu Jumatatu hadi Jumamosi.