Siku moja maishani mwangu: nawatembeza wageni wa Kiswahili mjini Maskati

Saa 11:30 alfajiri

Nikishasali, kazi yangu ya kwanza ni kikapu. Chupa ya kahawa iliyotiwa iliki, vikombe vidogo vinne, boksi la tende za khalas, maji, mtandio wa akiba kwa mgeni wa kike, na chini kabisa kofia ninayoshona. Kisha natazama kwenye simu kama kuna meli ya watalii inayotia nanga bandarini Mutrah. Meli moja ikishusha abiria wake, vichochoro vya soko hufurika ndani ya nusu saa, na mzee wa miaka sitini na kitu hawezi hata kusimama akachagua kitu kwa utulivu. Leo ipo. Basi nikageuza ratiba: soko la samaki kwanza, soko la nguo na ubani baadaye, chakula cha mchana kisogee mbele kidogo. Huko kusogeza kulinigharimu, nitawaeleza.

Mimi nimezaliwa hapa Maskati, ila bibi yangu mzaa mama alitoka Unguja. Alikuja baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi nyumbani. Kwetu Kiarabu ni cha shule na ofisini. Cha jikoni, cha kugombana na cha kubembeleza mtoto ni Kiswahili. Nina leseni ya kutembeza wageni na gari langu mwenyewe. Wageni wengi ni Wazungu, na nawapenda, lakini akija mtu anayeniita "mwanangu" kwa lugha ya bibi, siku yangu yote inakuwa nyingine.

Saa 1:15 asubuhi

Niliwakuta wamesimama nje ya hoteli yao Ruwi, wameshikana mikono. Baba ni fundi mstaafu wa reli, Mama ni mkunga mstaafu, wote wa Morogoro. Wametimiza miaka 30 ya ndoa na watoto wao watatu wamechanga nauli. Jana jioni nilipowaambia saa moja na robo, Baba aliuliza, "Ya huku au ya kwetu?" Ni swali zuri, maana Oman iko mbele ya Tanzania kwa saa moja, na Waarabu wa hapa saa moja ya asubuhi wanaiita saa saba. Tukakubaliana: kwa siku zote nne tutahesabu Kiswahili, kwa saa ya Maskati.

Kifungua kinywa hapa watu wengi hukipata ndani ya gari. Unasimama mbele ya duka la chai, unagusa honi kidogo, kijana anatoka kuchukua agizo. Niliagiza paratha zilizokunjwa na yai na jibini, na chai ya karaki: majani yaliyochemshwa na maziwa, iliki na zafarani mpaka rangi ikawa ya udongo wa kichuguu. Karaki huja imeshatiwa sukari, na Baba ana kisukari, kwa hiyo yeye nikamwombea sulemani, chai kavu, bila sukari. Alikula nusu ya paratha, akaifunga iliyobaki kwenye karatasi. "Bado mapema," alisema. Dawa alikuwa ameshameza. Nililiona hilo, nikanyamaza.

Saa 2:00 asubuhi

Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos hupokea wageni wasio Waislamu kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, siku zote isipokuwa Ijumaa. Mimi hupenda kuingia mlango unapofunguliwa, kabla jua halijapanda juu ya marumaru. Mama alikuwa amejifunga kitenge kirefu na kitambaa kichwani, na shati lake lilifika viganjani, kwa hiyo mtandio wangu ulibaki kikapuni.

Msikiti ulifunguliwa mwaka 2001. Ndani ya ukumbi mkuu kuna zulia moja kutoka Iran, mafundo bilioni 1.7 yaliyofungwa kwa mkono, uzito wake tani 21. Wageni wengi husikia namba hiyo wakaendelea kutazama juu, penye taa ya kioo yenye urefu wa mita 14. Baba yeye alisimama. "Tani 21 ni karibu behewa tupu la mizigo," alisema polepole. "Mlangoni lilipitaje?" Nikamweleza kwamba lilifumwa vipande vipande, likaunganishwa humu humu ukumbini. Aliinama akatafuta maungio. Hakuyaona, na nilivyomtazama usoni nikajua kesho atalisimulia hilo kabla ya kusimulia taa.

Kwenye chumba cha kupokelea wageni tulikaribishwa kahawa na tende. Niliwafundisha: ukitosheka, kitikise kikombe kidogo kulia na kushoto, vinginevyo mwenyeji ataendelea kukumiminia. Mama alikitikisa kwa uangalifu mkubwa, kama anayepima dawa.

Saa 4:00 asubuhi

Soko la samaki la Mutrah lina paa lililochongwa kama wimbi, lakini uzuri wake uko chini ya paa. Kwangu hapa ndipo mji unapoanzia. Nguru wamelala safu, wembamba, wana rangi ya bati jipya. Jodari wamekatwa katikati, nyama yao nyekundu kama ya ng'ombe. Changu, ngisi, kamba. Waarabu nguru wanamwita kanad, na kila mwaka kumvua ni marufuku kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Oktoba ili apate kuzaa. Tuko Januari, kwa hiyo wapo wa kutosha.

Mama alitaka kuona wakatao. Tulisimama mbele ya kijana mmoja mwenye aproni ya mpira. Alimshika nguru mkiani, akapitisha kisu mara mbili kuondoa mapezi, akapasua tumbo kwa mkupuo mmoja, kisha akaanza kukata vipande vya duara, vyote unene mmoja, bila kupima. Mama aliitazama mikono yake tu. "Huyu angekuwa daktari wa upasuaji," aliniambia, na hakuwa anatania.

Saa 5:00 asubuhi

Tulipumzika kwenye benchi kando ya bahari, tukisubiri watu wa meli wapungue. Kahawa, na punje moja ya tende kwa Baba. Nilitoa kofia yangu nikashona kidogo.

Saa 6:00 mchana

Soko la Mutrah hufunga mchana, takriban saa 7, na hufunguliwa tena alasiri. Tulikuwa na saa moja. Ukiingia tu, ubani unakupokea. Niliwaonyesha wa hojari kutoka Dhofar, ule mweupe unaoelekea ukijani, nikawaambia wasinunue uliosagika. Mama alinunua wa kutosha nyumba tatu, moja kwa kila mtoto.

Kisha kofia. Baba alitaka moja ya kurudi nayo, na hapa nina msimamo wangu na sitaulegeza: usimnunulie mtu kofia bila kuigeuza ndani nje. Kofia ya Oman, wanayoiita kumma, na kofia yetu ya pwani ni ndugu wa tumbo moja. Zote ni kitambaa cheupe tabaka mbili, na urembo wake ni viua, vile vitundu vidogo vinavyopitisha upepo. Kiua cha mkono hutobolewa kwanza kwa sindano nene, halafu mdomo wake unazungushiwa uzi, mshono kwa mshono, mpaka ukae kama pete. Ukigeuza kofia, ndani yake ni safi kama nje. Ya mashine ukiigeuza unakuta nyuzi zimeruka kutoka kiua kimoja hadi kingine. Nilimpa Mama kofia ninayoshona aishike. Bibi alinifundisha nikiwa na miaka tisa, na kofia moja yenye viua vingi hunichukua miezi. Mama alipapasa kiua kimoja kwa ncha ya kidole, akauliza, "Hiki kimoja dakika ngapi?" Kama saba, nikamwambia, mkono ukiwa mwema.

Nilipogeuka kumtafuta Baba, alikuwa ameegemea nguzo ya duka. Jasho lilimtoka usoni, na kulikuwa na ubaridi wa Januari. Alisema, "Sijambo," lakini ulimi ulikuwa mzito. Mama alifika kabla yangu. Alimshika kifundo cha mkono, akamtazama macho, akasema neno moja tu: "Sukari." Imeshuka. Mwenye duka hakuuliza kitu. Alivuta kiti, akaleta chai ya moto yenye sukari tele, nasi tukamnywesha kidogo kidogo, kisha tende tatu. Baada ya robo saa uso ulirudi, akaanza kuulizia bei ya kofia.

Kosa lilikuwa langu. Nilijua amekula nusu paratha, nilijua amemeza dawa, na bado nilisogeza chakula kwa sababu ya meli. Nilimwomba radhi pale pale. Mama alinishika bega akasema, "Na mimi ni mkunga, mwanangu, na sikuona." Mwenye duka alikataa pesa ya chai. Kofia Baba aliinunua kwake, ya mkono, baada ya kuigeuza.

Saa 7:10 mchana

Moja kwa moja mezani, au niseme mkekani, maana pale ninapowapeleka watu hula chini kwa sinia. Nilikuwa nimewaahidi shuwa, nyama iliyopakwa viungo, ikafungwa majani ya mgomba na kuzikwa kwenye shimo la makaa hata siku nzima au mbili. Ni chakula cha Idi, na migahawa huwa nayo siku chache. Leo ilikuwa imekwisha. Tukala mashuai, nguru mzima wa kuchoma, na wali wa ndimu. Baba alikula kila kitu, na ile nusu paratha.

Saa 8:30 hadi saa 10:00 alasiri

Wao walilala. Mimi nilikaa kwenye gari chini ya mwarobaini nikashona viua sita.

Saa 10:15 alasiri

Maskati ya kale ni ndogo. Kasri la Al Alam liko katikati, na juu ya miamba pande mbili za ghuba zimekaa ngome za Jalali na Mirani, zilizojengwa na Wareno miaka ya 1580. Waomani waliwatoa Wareno hapa mwaka 1650, wakawafuata hadi Mombasa na kuiteka Ngome ya Yesu mwaka 1698. Katika kusimulia nikafika kwa Seyyid Said, Sultani wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja miaka ya 1830 na 1840 akahimiza karafuu, akafia baharini mwaka 1856. Baada yake wanawe waligawana, na mwaka 1861 Unguja na Oman zikawa tawala mbili.

Baba alikuwa ametulia ukutani, kofia mpya kichwani. Akauliza, "Na misafara?"

Nilijua anauliza nini. Njia ya misafara kutoka bara hadi Bagamoyo ilipita upande wa kwao. Nilimwambia ninavyomwambia kila mgeni anayeuliza, na hata wasiouliza: utajiri ule ulikuwa wa pembe, wa karafuu na wa watu. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa waliotolewa bara, na soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, enzi ya Seyyid Barghash, kwa shinikizo la Waingereza. Bibi yangu hakupenda kulizungumza hilo. Mimi nalizungumza, kwa sababu mgeni aliyetoka Morogoro akisimama mbele ya kasri hili, nikamwonyesha rangi ya nguzo tu nikaruka hapo, nitakuwa nimemdanganya katika lugha yake mwenyewe.

Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema babu yake alikuwa akitaja jina la ndugu aliyechukuliwa, na hakuna anayejua alikofikia. Mama alimshika mkono. Sikuongeza neno. Tulikaa hapo mpaka jua likaanza kushuka nyuma ya milima.

Saa 1:30 usiku

Alhamisi usiku mji mzima hutoka, maana kesho ni mapumziko. Kando ya barabara moshi wa mkaa ulikuwa umetanda, na hapo maneno hayahitaji tafsiri: Waomani wanaita mishkak, sisi mishkaki. Ng'ombe, kuku, ngisi, na bakuli la mchuzi mwekundu. Mama alichovya kidole, akaonja, akacheka kwa sauti kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Huu ni ukwaju! Nimetoka mbali hivi kuja kula ukwaju." Baba alikula vijiti vitano. Halua nilimpa kipande cha ukubwa wa ukucha, aonje zafarani tu. Alikishikilia mdomoni kwa muda mrefu.

Saa 3:00 usiku

Niliwaacha hotelini. Kesho tunaanza saa 2, na nimeshawaambia: kwanza tunakaa chini tunakula, ndipo gari liondoke.

Nyumbani mama yangu mzazi alikuwa ameniachia muhogo wa nazi jikoni. Nilikula, nikavuta taa karibu, nikatoa kofia. Pale Mama alipopapasa kwa kidole palikuwa na alama hafifu ya mafuta. Itatoka nikiifua. Nilishona viua viwili, nikalala.